Willow Run: kiwanda kilichotoa ndege ya vita kila saa

Ukitoka mjini Detroit, Marekani, ukaelekea magharibi kilomita 50 hivi, unafika kwenye uwanja wa ndege wa Willow Run, jirani na mji mdogo wa Ypsilanti. Mwaka 1944, kando ya njia zake za kurukia, palikuwa na kiwanda cha Ford kilichofikia kutoa ndege moja ya kudondosha mabomu, yenye injini nne, kila baada ya dakika 63.

Sifa hiyo ndiyo inayosimuliwa sana. Mimi ninapofundisha historia ya viwanda huanza na miaka miwili ya nyuma yake, pale kiwanda kilipokwama.

Januari 1941 Charles Sorensen, mkuu wa uzalishaji wa Ford, alikwenda San Diego kuona kampuni ya Consolidated inavyounda ndege hiyo, aina ya B-24 Liberator. Alikuta mafundi wakimalizia ndege nje, juani. Chuma kilitanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na sehemu zilizopimwa vizuri zikakataa kushikana. Kila ndege ilitoka na vipimo vyake, kama mashua mbili za fundi mmoja zisivyofanana. Usiku ule Sorensen alikesha hotelini akichora kiwanda cha namna nyingine: chini ya paa moja, ndege ikisogea kituo hadi kituo kama gari, moja kwa kila saa.

Serikali ikatoa fedha, msanifu Albert Kahn akachora jengo, na ujenzi ukaanza mwaka huohuo kwenye ardhi ya Henry Ford. Njia ya kuunganishia ndege ilikuwa na urefu wa kilomita 1.6 na zaidi. Kabla ya kufika mwisho, ndege ilipandishwa juu ya sahani kubwa ya kugeuzia ikazungushwa nyuzi 90. Inaelezwa kwamba kona hiyo iliwekwa ili jengo lisivuke mpaka na kuingia wilaya ya pili, ambako kodi ilikuwa kubwa zaidi.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba ndege si gari. B-24 moja ilikuwa na ribiti (pini za kuunganishia mabati) zaidi ya 300,000. Ford walikunja mabati yake kwa kalibu za chuma kigumu, njia nzuri kabisa ikiwa umbo halibadiliki. Lakini taarifa zilikuwa zinakuja kutoka vitani, na jeshi likadai mabadiliko mara kwa mara. Kila badiliko lilimaanisha kalibu ya gharama kubwa kuwekwa kando na nyingine kutengenezwa. Nafuu ilipatikana walipokubaliana kuunda ndege kwa mafungu yenye umbo moja, na marekebisho ya haraka yakafanyiwa kwenye vituo vingine baada ya ndege kutoka kiwandani.

Shida ya pili ndiyo ninayoiona kubwa zaidi: watu walale wapi? Kiwanda kilihitaji makumi ya maelfu ya wafanyakazi mahali palipokuwa mashamba. Wengi walisafiri kila siku kutoka Detroit, huku matairi yakitolewa kwa mgawo, kwa sababu Japani ilikuwa imeiteka nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia) na mpira wake, na petroli nayo ikigawiwa ili matairi yasichakae upesi. (Uhaba huohuo ndio uliofanya mashamba ya zamani ya mpira yafufuliwe Tanganyika.) Wengine waliishi kwenye mahema na matrela, au walipokezana kitanda kimoja kwa zamu. Serikali ilipojenga makazi, yalitengwa kwa ajili ya Wazungu, na wafanyakazi Weusi wakaendelea na safari ndefu. Watu waliajiriwa leo wakaacha kazi kesho, na vijana waliokwisha kufunzwa wakachukuliwa jeshini. Wananchi wakaligeuza jina la kiwanda, Willow Run, kuwa swali la kejeli kwa Kiingereza, “Will it run?”, yaani: Je, kitakwenda?

Kilikwenda. Katikati ya mwaka 1943 wafanyakazi walipita 42,000, karibu theluthi moja wakiwa wanawake, wengi wao hawajawahi kushika bunduki ya ribiti kabla ya vita. Watu wenye kimo kifupi sana waliajiriwa kugonga ribiti ndani ya mabawa, mahali ambapo mtu mwingine asingepenya. Huwa nasikitika ninapoona picha za wakuu wakiwa na majina chini yake, na za hawa zikiwa na neno moja tu, “wafanyakazi”.

Hadi Juni 1945 Willow Run ilikuwa imetoa B-24 zipatazo 8,685, zikiwemo karibu 1,900 zilizopelekwa vipandevipande kuunganishwa na kampuni nyingine. Baada ya vita jengo likatumiwa na Kaiser-Frazer kuunda magari, kisha tangu 1953 na General Motors kutengeneza giaboksi, hadi 2010. Uwanja wenyewe ulikuwa kwa miaka mingi lango kuu la abiria wa Detroit, kabla mashirika ya ndege hayajahamia uwanja mwingine.

Sehemu kubwa ya jengo imebomolewa. Jumba la makumbusho ya ndege la hapohapo lilichangisha fedha kwa umma na kuokoa kipande cha mwisho wa njia ya kuunganishia, chenye milango mirefu ambayo Liberator zilitokea kwenda kujaribiwa angani.