Je, wajua kwa nini Marekani ilimkatalia Salim Ahmed Salim kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa?

Uliza swali hili barazani, Dar es Salaam au Unguja, na jibu utakalopewa ni fupi: "Alicheza." Wazee watakusimulia jinsi kijana yule wa Kizanzibari alivyoinuka kitini New York mwaka 1971 akacheza mbele ya Wamarekani walioshindwa, nao wakafunga kinyongo moyoni miaka 10, hadi siku alipokuja kuomba kazi. Ni hadithi tamu, na sehemu yake kubwa ni kweli. Ila dola kubwa haimkatai mtu raundi baada ya raundi, wiki sita nzima, kwa sababu ya kucheza tu. Mashtaka yalikuwa yameshaandikwa zamani. Kule kucheza kukaja kuwa ushahidi.

Tuanze na usiku wenyewe. Jumatatu, 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilikuwa linaamua nani akalie kiti cha China: serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan mwaka 1949, au serikali ya Mao Zedong iliyokuwa Beijing ikiwatawala Wachina wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 Marekani ilifaulu kuibakiza Beijing nje ya mlango. Safari hii balozi wake, George H. W. Bush, ndiye huyo aliyekuja kuwa rais, alikuja na mbinu ya kikanuni: suala hili lihesabiwe kuwa zito, lisipite bila theluthi mbili. Mbinu ikaanguka kwa kura 59 dhidi ya 55. Matokeo yalipotoka ukumbi ulilipuka. Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana, na ujumbe wa Tanzania, uliokuwa mstari wa mbele kuipigania Beijing, ukasimama na kucheza kati ya viti. Azimio lenyewe, namba 2758, likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Salim, balozi wetu, alikuwa na miaka 29.

Kwa nini Tanzania ilifurahi kiasi kile? Mtu wa Mbeya au Morogoro hahitaji kuelezwa. Zambia haikuwa na pwani, na njia zake za kwenda baharini zilipita kwa walowezi wa Rhodesia na kwa Wareno. Nyerere na Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi na Benki ya Dunia wakiomba reli, wakaambiwa haina faida. Beijing ikasema inajenga, kwa mkopo usio na riba. Usiku ule wa kura, Wachina walikuwa wamo porini pamoja na Watanzania wakipasua milima kwa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Salim mwenyewe ameeleza kwamba ile ilikuwa furaha ya ushindi, hakukusudia kumcheza mtu shere.

Washington waliliona jambo hilo kwa jicho lingine kabisa, na ili kulielewa jicho hilo inabidi turudi nyuma.

Mao alipoichukua China mwaka 1949, wahafidhina wa Marekani hawakukubali kwamba Wachina wamepigana wenyewe kwa wenyewe na upande mmoja umeshinda. Swali lao lilikuwa: nani kaipoteza China? Ukiuliza hivyo, lazima mtu wa nyumbani apatikane na hatia. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy akaibuka na madai ya orodha ya wakomunisti ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, na miaka iliyofuata wataalamu wa China wakafukuzwa kazi mmoja mmoja. Richard Nixon, aliyekuja kuwa rais, naye alikuwa ameshapata jina lake mwaka 1948 kwa kumwandama Alger Hiss, ofisa wa zamani wa wizara hiyo hiyo aliyetuhumiwa kuwapelelezea Wasovieti. Kukazuka aina ya mshukiwa aliyeitwa "msafiri mwenza": si mkomunisti, hana kadi ya chama, lakini kila wakomunisti wakienda mahali unamkuta njiani nao.

Haki yao tuwape. Hawakuwa wanaota ndoto. Hungaria ilijaribu kutoka mwaka 1956, vifaru vya Wasovieti vikaingia Budapest. Chekoslovakia ikajaribu kulegeza kamba mwaka 1968, vifaru vikaingia Praha. Somo walilolipata ni kwamba ukomunisti ni mlango wa upande mmoja, nchi ikishaingia haitoki. Mtu akiamini hivyo, anayekaa mlangoni akisema "mimi sina upande" hamwoni kama jirani mwema. John Foster Dulles, Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Eisenhower, alilisema wazi mwaka 1956: kutokuwa na upande ni fikra iliyopitwa na wakati na, isipokuwa katika hali za pekee sana, ni kinyume cha maadili.

Sasa chukua miwani hiyo, uvae, kisha usome maisha ya Salim. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yuko Havana, katika ofisi ya Wazanzibari. Anarudi, yuko na vijana wa Abdulrahman Mohamed Babu, wale wa chama cha Umma waliosoma Karl Marx wakati wenzao wanajadili bei ya karafuu. Januari 1964 Mapinduzi yanatokea. Baadhi ya vijana waliorudi kutoka Cuba wanaonekana mitaani Unguja na ndevu na salamu za kina Castro, na magazeti ya Magharibi yanaanza kuandika kwamba Afrika imepata Cuba yake. Wamarekani wanatakiwa wang'oe kituo chao cha kufuatilia vyombo vya anga za juu, na Januari 1965 mwanadiplomasia wao Frank Carlucci anafukuzwa. Salim amekwisha kuwa balozi Cairo akiwa na miaka 22. Baadaye New Delhi. Mwaka 1969 Beijing! Halafu New York, anacheza. Kwa mpelelezi wa Washington, faili hilo halihitaji hata kurasa za mwisho.

Na huyo Carlucci msimsahau. Mwaka 1981 alikuwa Naibu Waziri wa Ulinzi katika serikali ya Rais Ronald Reagan, na Bush alikuwa Makamu wa Rais.

Kilichoongezeka miaka ya 1970 ni hasira. Saigon ilianguka Aprili 1975. Mwaka huo huo wanajeshi wa Cuba wakatua Angola. Mwaka 1979 ukaja na mapigo matatu: Shah wa Iran akaondoka, Somoza wa Nicaragua akaondoka, na Desemba Wasovieti wakaingia Afghanistan. Novemba ya mwaka huo, mhadhiri wa chuo kikuu aitwaye Jeane Kirkpatrick alichapisha makala iliyokuja kuwa kama msahafu wa sera ya nje ya wahafidhina, ingawa mwenyewe wakati huo bado alikuwa mwanachama wa Democratic. Hoja yake ukiitia kwenye Kiswahili ni ile yetu ya zimwi likujualo, halikuli likakwisha. Kwamba dikteta wa kawaida anaiba na kufunga watu, lakini anaiacha dini, ukoo na soko vilivyo, na siku moja nchi yake inaweza kuwa ya kidemokrasia. Utawala wa kikomunisti unataka roho ya mtu yote, na hauondoki. Kwa hiyo Rais Jimmy Carter alikosea kuwabana marafiki wabaya, akaishia kupata maadui wabaya zaidi.

Reagan aliisoma, akampenda mwandishi, na alipoingia madarakani Januari 1981 akamfanya balozi wake Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mwaka ambao Salim anagombea, aliyekalia kiti cha Marekani kwenye Baraza la Usalama alikuwa mwandishi wa nadharia yenyewe. Hapo bahati haikuwa upande wetu.

Kwa upande wake Salim hakuja mikono mitupu. Aliongoza Kamati ya Kuondoa Ukoloni tangu 1972 hadi 1980, akawa Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, na sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwenye miaka 39, akiungwa mkono na Afrika. Mpinzani wake, Kurt Waldheim wa Austria, alikuwa anatafuta kipindi cha tatu. Raundi ya kwanza, 27 Oktoba, Salim alipata kura 11, Waldheim 10. Hesabu ya kawaida ingemaliza mambo hapo. Lakini Marekani ilimpigia Salim kura ya turufu, ile inayomwezesha mwanachama mmoja wa kudumu kuzuia uamuzi wote, na China, ikiutaka uongozi uende Dunia ya Tatu, ikampigia turufu Waldheim. Wakarudia. Wakarudia tena. Raundi 16, na kila mara ukuta ni ule ule. Desemba zamu ya urais wa Baraza la Usalama ikamwangukia Mganda, Olara Otunnu, kijana wa miaka 31, akawaomba wazee hao wawili (mmoja si mzee) wakae pembeni. Waldheim akakubali, kisha Salim. Tarehe 11 Desemba kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Ukiipima nadharia kwa huyu mtu mmoja, inavuja pengi. Wasovieti wenyewe walimtaka Waldheim; kwao Salim alinukia Uchina, na Moscow na Beijing hawakuwa wakipikika chungu kimoja tangu miaka ya 1960. Januari 1980 kikao cha dharura kuhusu Afghanistan kilipoitishwa, aliyekalia kiti cha urais wa Baraza Kuu alikuwa Salim huyo huyo, na kikao kikataka majeshi ya kigeni yaondoke kwa kura 104 dhidi ya 18. "Msafiri mwenza" gani huyo? Na yule waliyemkinga, Waldheim, mwaka 1986 ikafichuka kwamba alificha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Hitler huko Balkani. Mwaka 1987 Marekani yenyewe ikamweka kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia nchini.

Upande wa pili wa mizani alikaa Mobutu, dikteta wa Zaire, Kongo ya leo. Agosti 1983 Reagan alimpokea Ikulu akamsifu kuwa rafiki mwaminifu wa Marekani kwa miaka 20 hivi. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu anajua urafiki huo uligharimu nini, na nani alilipa. Kwa mujibu wa Kirkpatrick, Mobutu ndiye zimwi linalojulikana.

Lakini tusiwafanye wahafidhina kuwa kundi moja lenye kauli moja. Nixon alipokwenda Beijing Februari 1972 kumshika Mao mkono, kambi yake iliungua. Mbunge wa Ohio, John Ashbrook, aligombea dhidi yake ndani ya chama kwa kauli mbiu ya kutokukata kushoto. Miaka 15 baadaye ikawa zamu ya Reagan: alipotia saini na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, mkataba wa makombora mwaka 1987, mhafidhina mwenzake Howard Phillips alimwita mjinga anayetumiwa na propaganda za Kremlin. Na mwaka 1986, Reagan alipopiga turufu sheria ya vikwazo dhidi ya Makaburu, maseneta wengi wa chama chake waliungana na wapinzani kuipindua, 78 kwa 21. Waliona kwamba kuikingia kifua Pretoria kwa jina la kupinga ukomunisti ndiko kunakowapeleka vijana wa Soweto kwa wakomunisti.

Kwa hiyo jibu ni nadharia? Kwa miaka mingi ningesema hivyo na kufunga daftari. Kisha Julai 2019 ikatoka kanda.

Nixon alikuwa na tabia ya kurekodi simu zake. Asubuhi baada ya kura ile, 26 Oktoba 1971, Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia. Kipande hicho kilikuwa kimefichwa kwenye kanda zilizotolewa awali, kulinda faragha ya Reagan angali hai. Anasikika akieleza alivyotazama kwenye televisheni, na anawaita wajumbe wale wa nchi za Afrika nyani, watu ambao hata viatu bado vinawabana. Nixon anacheka. Reagan alitaka pia Marekani iache kupiga kura katika Umoja wa Mataifa. Binti yake, Patti Davis, aliposikia aliandika kwamba hana la kumtetea baba yake.

Reagan alizungumza hayo kwa hasira ya kuiona Beijing ikiingia ukumbini. Nixon aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa na jambo la kuchekesha zaidi: siku zile zile za kura, mshauri wake Henry Kissinger alikuwa mgeni wa Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, Beijing, wakipanga safari ya rais. Na George Bush, aliyeshindwa usiku ule mbele ya Salim anayecheza, mwaka 1974 alitumwa kuiwakilisha Marekani huko huko Beijing, mji ambao Salim alikuwa ameshaufanyia kazi ubalozi miaka mitano kabla. Akanunua baiskeli, akawa anazunguka nayo mjini na mkewe.