Ndugu wa mgagani anayeishi kwenye baridi

Mvua zikishanyesha hapa Dodoma, wanafunzi huniletea vimaua vyeupe vya petali nne wakitumaini wameokota Arabis alpina, ua la familia ya haradali ninalowasimulia darasani. Karibu kila mara wameshika mgagani. Arabis huku haioti. Sisi tuko kwenye mita kama 1,100 na kiangazi chetu huwa Mei hadi Novemba. Yenyewe hapa nchini huishi milima mirefu kama Kilimanjaro, juu kule miti inakokoma, penye miamba yenye unyevu. Uadimu wake, hata hivyo, ni wa kwetu tu. Kwenye milima ya Alps na kule Norwei ni mmea wa kawaida kabisa.

Tofauti iko wazi ukitazama kwa makini. Petali za Arabis hukaa kama msalaba, na ndani kuna stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) sita: nne ndefu, mbili fupi. Za mgagani petali zote huelekea juu, na stameni hutokeza mbali kama masharubu ya paka.

Lakini wanafunzi hawajapotea sana, maana familia ya mgagani ndiyo jirani wa karibu kabisa wa familia ya haradali. Ukoo unaozikusanya familia hizi ni mpana: mlonge umo, mswaki umo, hata mpapai. Anayebisha atafune mbegu ya papai. Ule ukali ni silaha ya ukoo mzima. Mmea huweka kemikali yenye salfa mahali pamoja na kimeng'enya chake mahali pengine; mdudu akitafuna, viwili hivyo vinakutana na ukali unazaliwa papo hapo. Ndiyo maana jani zima la kabichi halinuki sana mpaka kisu kipite. (Mgagani una uchungu wake pia, ndiyo maana wapishi wengi humwaga maji ya kwanza. Mimi naupenda na karanga.)

Arabis ilifikaje Kilimanjaro, mlima uliozungukwa na nyika yenye joto? Linnaeus, mwanasayansi wa mimea wa Uswidi, aliipa jina mwaka 1753, ila jibu limetoka kwenye vinasaba, miaka ya 2000. Chimbuko lake ni upande wa Uturuki ya leo, chini ya miaka milioni 2 iliyopita, na iliingia Afrika Mashariki na Ethiopia kwa mawimbi mawili tofauti. Zama za barafu ukanda wa baridi ulishuka chini, maeneo ya baridi ya mlima mmoja na mwingine yakakaribiana. Pengo lililobaki mbegu zilivuka zenyewe. Ni mbegu nyepesi, zenye ukingo mwembamba kama ubawa.

Ukipanda Kilimanjaro, usichume: ni hifadhi ya taifa. Piga picha ya ua kutoka juu, kisha picha ya ganda la mbegu kwa ubavu. Bila ganda, familia hii hunisumbua hata mimi.