Alama ya reli ni nini?

Alama ya reli ni ile # inayowekwa mbele ya neno mtandaoni. Jina limekaa vizuri, hasa kwa sisi wa Dodoma tuliozoea kuvuka njia ya treni: mistari miwili imesimama, miwili imeikata kama mataruma. Chris Messina, Mmarekani, alipendekeza itumike Twitter mwezi Agosti 2007. Kazi yake ni kukusanya. Neno lililofuata alama hiyo bila nafasi linakuwa kiungo, na atakayeligusa ataona machapisho ya wote waliolitumia, wawe Kondoa au Kisumu.

Kwenye siasa, kazi hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Zamani vuguvugu lilihitaji ofisi, katibu na nauli ya kuzunguka mikoani. Juni 2024 vijana wa Kenya waliopinga Muswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, walikutana kwenye #RejectFinanceBill2024, wakisema hawana chama wala kiongozi. Ona neno la kwanza: kataa. Si "tuujadili". Msimamo ulikuwa umeshafungwa ndani ya jina, na kila aliyeliandika aliubeba. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni Nairobi, watu wakauawa. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada huo. Alama pekee isingefika huko, ni miguu ya watu barabarani iliyofika. Ila alama ndiyo iliyowapa pa kukutania na jina la kuliita jambo lao, na anayetangulia kulipa jambo jina huwa ameshawachagulia wengine pa kulitazamia.

Kitu ambacho alama ya reli haifanyi ni kukagua. Siku zilezile, kwenye kibanda cha chai pale Sabasaba, Dodoma, kijana mmoja aliniwekea simu mkononi: moshi, watu wanakimbia, na chini yake alama hiyohiyo. "Nairobi hiyo, mzee." Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Magari manne yameegeshwa kando ya barabara, na hakuna hata moja lenye namba inayoanza na K kama za Kenya. Alikuwa ameshairusha kwenye magrupu matatu, likiwemo la ukoo wao.

Nako kutrendi, yaani neno kuvuma mtandaoni, kusikubabaishe. Mitandao huangalia sana neno lililopanda ghafla, kwa hiyo watu waliopangana kuposti kwa wakati mmoja wanaweza kuonekana wengi kuliko walivyo.

Zaidi ya uongo, mimi huogopa ukimya. Vita ya Sudan ilianza tarehe 15 Aprili 2023 na imewang'oa mamilioni ya watu makwao. Pale kibandani hakuna aliyewahi kunionyesha hata video moja ya Khartoum. Nilipomuuliza yule kijana, alishangaa kidogo, kisha akasema alidhani vita ile ilishaisha.