Andromeda ni nini, na unaionaje ukiwa Tanga

Andromeda ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, vyote vimeshikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Sisi tumo ndani ya galaksi yetu, Njia ya Maziwa, na Andromeda ndio jirani mkubwa aliye karibu nasi, umbo lake ni la kujisokota, mikono ya nyota imezunguka kiini kinachong'aa, na inakadiriwa ina nyota kama trilioni 1. Wengi wanadhani vitu hivi mpaka uwe na darubini ya mamilioni, hapana jamani, hii unaiona kwa macho hayahaya.

Ila umbali wake aisee! Miaka ya nuru kama milioni 2.5, mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima, na mwanga unakimbia karibu kilomita laki 3 kwa sekunde moja tu, kwahiyo mwanga unaokufikia leo uliondoka kule binadamu wa aina yetu hata hajatokea. Kilimia na nyota zote unazoziona mojamoja usiku ni za humuhumu kwetu, hii iko nje kabisa.

Mwaka 964 Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi alishaiandika kama kiwingu kidogo, na watu wakabishana miaka na miaka kama kipo ndani ya galaksi yetu au nje. Jibu lilikuja kwa mwanaastronomia Edwin Hubble kule Marekani mwaka 1923, alipata humo nyota ya aina ya Sefeidi, inayong'aa na kufifia kwa mzunguko maalumu, na mwanaastronomia mwenzake Henrietta Leavitt alikuwa ameshagundua kwamba urefu wa mzunguko huo unakuambia nguvu halisi ya mwanga wa nyota. Ni sawa na karabai ya mvuvi, ukiijua nguvu yake halafu ukaiona hafifu kule baharini, unakadiria chombo kiko mbali kiasi gani, na ndivyo Hubble alivyojua kiwingu kile kiko nje ya galaksi yetu.

Kwa huku kwetu itafute katikati ya Novemba, kama saa tatu usiku, siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa wanatoka, mvua za vuli zikiachia kidogo maana zikipita anga linakuwa safi sana. Inakaa kaskazini, kwahiyo mimi nashauri uende upande wa Mkinga au Moa, taa za mjini zibaki mgongoni. Elekea kaskazini, tafuta nyota nne zilizofanya mraba mkubwa, shika ya kona ya chini kulia, sogea kulia nyota mbili, ya pili ndio Mirach, hapo kata kushoto kwenda chini, pita nyota mbili hafifu, pembeni ya hiyo ya mwisho kuna doa la ukungu lililorefuka kidogo kama yai. Ndio yenyewe. Usitegemee rangi wala mikono kama kwenye picha, macho yanakamata kile kiini tu, lakini ukipata hata darubini ndogo ya mkononi doa linatanuka vizuri.