Epidurali, gesi, au mkono wa mavyaa?

Mara nyingi huja watatu: mjamzito, mamake na mavyaa. Mjamzito huuliza uchungu wa uzazi utatulizwaje, mamake hujibu kabla yangu, mavyaa hutazama dirishani. Mjamzito mmoja (naeleza kwa idhini yake), mimba ya kwanza, wiki ya 34, alikaa tu kitini akasema: "Daktari, nambie ipi nzuri, nimalize." Mamake akadakia: "Mwanangu, sisi tulizaa kavukavu na tuko."

Mimi ni daktari wa usingizi hapa Mombasa, na swali hilo siwezi kulijibu mpaka nijue mambo mawili: utazalia wapi, na usiku huo nani atakuwa zamu. Nguvu ya dawa inakuja baadaye.

Chukua epidurali. Hakuna kinachotuliza uchungu wa uzazi kuishinda. Nakukalisha umeinama, naitia ganzi ngozi ya kiunoni, kisha napitisha sindano mpaka nje ya utando unaofunika maji ya uti wa mgongo. Pale naacha mrija mwembamba, sindano naitoa. Dawa inapita kwenye mrija kidogo kidogo, kwa saa nyingi ikihitajika, na baada ya dakika 15 hadi 20 hivi uchungu huwa umelegea. Hayo ndiyo mepesi. Yaliyobaki ni ulinzi: presha inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo mwanzoni inapimwa kila baada ya dakika chache, dripu iwe mkononi, mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe, miguu ikiwa mizito usishuke kitandani peke yako, mkojo ukigoma tuweke mpira. Hospitali yenye wakunga wawili na akina mama kumi wodini haiwezi kukupa hayo, hata kama dawa imejaa kabatini. Ndiyo maana nasema epidurali ni mtu wa kukaa nawe kuliko ilivyo sindano.

Hapa pwani kuna mkanganyiko mmoja unaonichosha. "Sindano ya mgongo" ni jina la vitu viwili. Ile ya opresheni, spainali, inachomwa mara moja, inaingia kwenye maji yenyewe, inakutia ganzi upesi kuanzia kifuani kushuka chini, na haiachi mrija. Shangazi aliyepasuliwa akakwambia hakuweza kuinua mguu anasimulia hiyo. Kwa epidurali ya siku hizi tunatumia dawa nyepesi, na wengi hugeuka wenyewe kitandani na kusukuma wenyewe.

Na kiuno? Nikipewa shilingi kwa kila anayeniambia sindano hii huharibu kiuno, ningeshajenga Nyali. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya mwaka 2018, yaliyokusanya wanawake zaidi ya 11,000, hayakuona maumivu ya mgongo ya muda mrefu yakiongezeka, wala opresheni. Ujauzito wenyewe unauma mgongo, na kumbeba mtoto pia. Madhara ya kweli ni mengine. Kwa takriban mmoja kati ya 100, sindano hutoboa ule utando, na baada ya siku moja mbili kichwa kinauma vibaya ukikaa, kinapoa ukilala. Usinyamaze na hilo nyumbani ukinywa panado, rudi. Likizidi, tunatoa damu yako mwenyewe kidogo, tunaiweka mgongoni pale pale, nayo inaziba. Pia mwili unaweza kuwasha, kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi, na pengine ganzi inashika upande mmoja tu tukalazimika kuuvuta mrija kidogo au kuanza upya. Mwenye damu isiyoganda vizuri, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, atuambie mapema, si akiwa analia.

Pethidini, dawa kali ya maumivu, ni rahisi: sindano ya msuli, dakika 20 inafanya kazi, saa 2 hadi 4 inaisha. Lakini uchungu unabaki palepale, wewe ndiye unakuwa mbali nao. Wengine hutapika. Ikichomwa mtoto akiwa karibu kutoka, anaweza kuzaliwa amelewa usingizi, anapumua kwa uvivu, anachelewa kunyonya. Kwa hiyo kabla ya kukubali uliza mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, na kama naloksoni ya kumwamsha mtoto ipo.

Gesi ni oksijeni na naitrasi oksaidi nusu kwa nusu. Siri yake ni wakati: uvute uchungu unapoanza tu kupanda, kwa sababu inachukua kama nusu dakika kushika. Ukingoja kilele, umechelewa. Na kinyago ushike mwenyewe. Mume mwenye huruma asikushikie. Ukilewa, mkono wako unaanguka wenyewe, na huo ndio usalama wako.

Halafu kuna vitu ambavyo sina nafasi ya kuvilipisha. Kutembea, maji ya moto, leso iliyochovywa ikakamuliwa ikawekwa kiunoni, mtu unayempenda kando yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unavitaja bega kwa bega na epidurali. Mtoto akilaza kisogo upande wa mgongo wako, uchungu wote unahamia kiunoni, na hapo ngumi ya mtu mwingine ikikandamiza inafanya kazi ambayo pethidini haifanyi. Ila dawa za kienyeji za "kuharakisha" nakataa kabisa. Kizazi kikikazwa bila kuachiwa, mtoto anakosa hewa.

Lipo na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, mavyaa akishatoka: nikituliza uchungu, thawabu zinapungua? Mimi si shekhe, muulizeni. Nasoma tu kwamba uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende akatamani lau angekufa kabla ya hayo, na alichopewa ni kijito na tende mbivu. Sikuona aliposimangwa. Na la stara: omba daktari wa kike mapema. Asipokuwepo, ninachohitaji kuona ni kipande cha kiuno mfano wa sahani. Kwingine leso inatosha.

Kwa hiyo kliniki ya wiki ya 34 uliza: daktari wa usingizi yupo usiku au anaitwa kutoka nyumbani? Bima yangu inalipa? Gesi ipo kweli, au ni mtungi mtupu? Anayeishi Likoni ahesabu na feri.

Binti yule alirudi na maswali yake kwenye karatasi, akachagua epidurali. Uchungu ulimshika saa saba usiku, akafika amefungua sentimita 8, nami niko ndani ya chumba cha upasuaji na mama mwingine. Akavuta gesi. Mamake hakuweza kutazama, akatoka nje. Aliyemkandamiza kiuno mpaka karibu na adhana ya alfajiri ni mavyaa.

Kesho yake nilipopita wodini alinambia gesi imemtapisha mara mbili, na kwamba wa pili ataitisha sindano akiwa bado nyumbani. Mavyaa alikuwa amempakata mtoto. Akasema kifundo cha mkono kinamuuma, nina dawa gani?