Sanamu ya Askari pale Posta: nani alipandishwa juu, nani amebaki kwenye maandishi

Ukipita Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, Dar es Salaam, utamwona askari wa shaba nyeusi ameinamia mbele, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), mji huu ulikuwa na sanamu tofauti kabisa. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, kamanda aliyezima upinzani wa Bushiri bin Salim na wenzake hapa pwani. Wissmann alikuwa juu. Askari Mwafrika aliwekwa chini ya miguu yake, akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Baadaye ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968.

Kwa hiyo sanamu ya 1927 ilileta badiliko kubwa: Mwafrika yuko juu, peke yake, hamtazami bwana yeyote. Lakini tusiishie hapo. Sogea karibu usome kibao, kilichoandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na yanawakumbuka waliokufa kwa ajili ya mfalme wao, yaani mfalme wa Uingereza. Vijana wengi wa nchi hii walipigana upande wa Wajerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, hadi silaha ziliposalimishwa Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918. Hao hawamo, ingawa ardhi iliyopiganiwa ilikuwa yao.

Halafu kuna wapagazi. Kibao kinawaita miguu na mikono ya jeshi, na ndivyo walivyokuwa: walibeba chakula na risasi kichwani kupita njia ambazo gari halikupita na wanyama waliuawa na ndorobo. Waliofia upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Nairobi, kwenye mnara wa 1928, mpagazi amesimama bega kwa bega na wapiganaji. Hapa kwetu aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki tu.

Walimu mnaoleta wanafunzi mjini, tunawaomba muwasomee kibao chote, na mistari ya wapagazi msiiruke.