Mtambo wa CERN hauwezi kuimeza dunia, na sababu si ile mnayoambiwa kila siku

Kila mara mtambo wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe ndogo kuliko atomu, unaporudi kazini baada ya matengenezo, ujumbe uleule huzunguka upya kwenye makundi ya WhatsApp: wamefungua mlango wa kuzimu chini ya ardhi ya Uswisi, shimo jeusi linakuja, tutubu. Ulisambaa Julai 2022. Ukarudi Aprili 2024, safari hii ukiwa umeunganishwa na kupatwa kwa jua kulikoonekana Marekani. Wanaonitumia ni watu ninaowaheshimu, wakiwemo wazee wangu na wanafunzi wangu, na wanauliza kwa dhati. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja. Kazi yangu ni kuchunguza chembe zinazotujia kutoka anga za mbali, na ni chembe hizohizo zinazobeba jibu.

Sitamcheka mtu kwa kuogopa jambo hili. Septemba 2008, wiki ileile mtambo huo ulipowashwa kwa mara ya kwanza, vyombo vya habari viliripoti kutoka jimbo la Madhya Pradesh, India, kwamba binti wa miaka 16 alijiua baada ya kufadhaishwa na vipindi vya televisheni vilivyotabiri mwisho wa dunia. Hofu iliyofika hapo inastahili kujibiwa kikamilifu. Kumwambia mtu "waachie wataalamu" si jibu.

Mtambo wenyewe, LHC, uko kwenye handaki la duara lenye mzunguko wa kilometa 27, kama meta 100 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Protoni, chembe zinazopatikana ndani ya kiini cha atomu, huzungushwa humo pande mbili zinazoelekeana, kwa kasi inayoikaribia kabisa ile ya mwanga, kisha hugonganishwa. Sumaku zinazozipindisha zifuate duara hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Tangu 2022 kila mgongano una nishati ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 13.6. Ukiisoma hivyo inatisha, lakini nishati ya protoni moja haizidi ile ya mbu kumi wanaoruka. Ajabu yake ni kwamba imebanwa ndani ya kitu ambacho ni kidogo kuliko atomu mara laki moja.

Sasa shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka humo. Kwa sheria za uvutano kama tunavyozijua, LHC haina uwezo wa kulitengeneza: nishati yake imepungukiwa takriban mara milioni bilioni moja. Lakini mwaka 1998 wanafizikia Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali walipendekeza kwamba huenda ulimwengu una vipimo vya ziada vilivyofichika, mbali na urefu, upana na kimo, na kwamba huko uvutano una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 zikafuata makala zilizosema kwamba, ikiwa ni hivyo, LHC ingeweza kuzalisha vishimo vyeusi vidogo mno, tena kwa wingi. Naomba hili lishikwe vizuri: hofu hii haikuanzia mimbarani wala TikTok. Ilianzia kwenye majarida yetu sisi wenyewe, halafu tukashangaa watu walipoisoma.

Jibu lililotolewa haraka lilikuwa la mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking. Mwaka 1974 alionyesha kwa hesabu kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho na kupungua, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyotoweka upesi. Vishimo vya LHC vingeyeyuka kabla havijasafiri hata upana wa atomu. Mimi naiamini hesabu hiyo, na karibu kila mwanafizikia ninayemfahamu anaiamini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuushuhudia mnururisho huo ukitoka kwenye shimo jeusi lolote. Walter Wagner na Luis Sancho walipofungua kesi katika mahakama ya shirikisho kule Hawaii, Machi 2008, na mkemia Mjerumani Otto Rössler alipokwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwezi Agosti, swali lilikuwa lile ambalo mtu yeyote makini angeuliza: je, kama Hawking amekosea? Mahakama hazikuusimamisha mtambo. Ile ya Hawaii iliitupa kesi kwa kuwa haikuwa na mamlaka juu yake, kwa hiyo hukumu yake haisemi lolote kuhusu fizikia.

Jibu ninalolitegemea mimi halimhitaji Hawking hata kidogo. Anga inatupiga kwa chembe zenye nishati kubwa kuliko za LHC, na imekuwa ikifanya hivyo tangu dunia iwepo. Tunaziita miale ya kosmiki. Nyingi ni protoni na viini vya atomu vilivyorushwa na milipuko ya nyota na mitambo mingine ya angani. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1991, darubini maalumu katika jangwa la Utah, Marekani, ilinasa chembe moja yenye takriban jouli 50, yaani zaidi ya mara milioni 40 ya nishati ya protoni moja ya LHC.

Ila milioni 40 hiyo inapotosha, na huwa nasikitika ikitumiwa ovyo hata na watetezi wetu. Kwenye LHC protoni mbili zinagongana uso kwa uso, kwa hiyo nishati yote inatumika. Mwale wa kosmiki unagonga kiini cha hewa kilichotulia, na sehemu kubwa ya nishati inapotelea katika kusonga mbele. Ukifanya hesabu ya haki, mgongano wa ile chembe ya 1991 ulizidi wa LHC zaidi ya mara 50. Na ili mwale ufikie mgongano wa LHC, unahitaji elektroni-volti trilioni laki moja. Chembe za kiwango hicho si adimu. Duniani kote zinaanguka maelfu kila sekunde, na kwenye hewa iliyo juu ya Ziwa Viktoria peke yake, kwa wastani haipiti sekunde bila hata moja kugonga. Kamati ya usalama ya CERN ilikadiria mwaka 2008 kwamba dunia hii imeshapitia migongano inayolingana na ya programu nzima ya LHC, ikirudiwa kama mara laki moja.

Hapo wengi huishia, wakaona suala limefungwa. Halijafungwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kuninyooshea mkono nilipofika hapo: "Mwalimu, lakini shimo jeusi la mwale wa kosmiki linazaliwa likiwa na kasi ya ajabu. Linapita tu, linatokea upande wa pili wa dunia. La LHC linaweza kuzaliwa likiwa taratibu, likabaki humu ndani." Alikuwa sahihi kabisa. Pingamizi hilo ndilo lililowaumiza vichwa wataalamu, na ndilo wanafizikia Steven Giddings na Michelangelo Mangano walilolikabili mwaka 2008 katika makala yao ndefu.

Walianza kwa kukubali mabaya yote: Hawking amekosea, vishimo vinazaliwa na havifi. Vikiwa na chaji ya umeme, vile vya miale ya kosmiki vingekwama ndani ya dunia au jua kwa kuvutana na maada, na dunia isingekuwepo leo. Visipokuwa na chaji, kweli vinaweza kupenya. Basi wakatafuta kitu kizito kiasi kwamba hata kishimo chenye kasi kisingepenya, wakakipata angani: vibete vyeupe na nyota za nyutroni, yote mabaki ya nyota yaliyosindiliwa mno. Kibete cheupe ni nyota iliyokufa, yenye uzito wa kama jua uliosindiliwa kwenye ukubwa wa kama dunia. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina mwenzake wa namna hiyo pembeni yake. Miale ya kosmiki inavigonga vibete hivyo kama inavyotugonga sisi. Vishimo vingekwama ndani yake, na katika hali zote ambazo kishimo kingekua upesi kiasi cha kuidhuru dunia kabla jua halijafikia mwisho wake, vibete vizito navyo vingekuwa vimeliwa zamani. Tukiangalia angani tunaviona, vizee kwa vizee, vingine vina umri wa mabilioni ya miaka.

Hofu nyingine nitazipitia kwa kifupi, kwa kuwa hoja ni ileile. Kuna vipande vya maada ngeni vya kufikirika, vinavyodhaniwa vingeweza kugeuza maada ya kawaida iwe kama vyenyewe. Hofu hii ilivuma 1999 kabla mtambo wa RHIC wa Brookhaven, New York, haujaanza kazi. Mwezi hauna hewa ya kuukinga, umepigwa na viini vya chuma kutoka angani kwa zaidi ya miaka bilioni 4, na bado upo. Halafu kuna hofu kwamba hali ya utupu wa ulimwengu wenyewe ingevurugika, yaani nafasi tupu igeuke hali nyingine na kuharibu kila kitu. Wanaanga Piet Hut na Martin Rees waliijibu tangu 1983, kwa miale hiyohiyo.

Hatari za kweli za LHC zipo, na zinawahusu walio karibu nayo. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya kuwashwa, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kilipata moto. Cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kadhaa za heliamu zikafumuka, na sumaku zenye uzito wa tani 35 kila moja zikasukumwa kutoka mahali pake huku nanga zake zikinyofolewa kwenye sakafu ya zege. Sumaku 53 zilitolewa kwenda kutengenezwa. Hakuna aliyeumia, maana watu hawaruhusiwi kuwa handakini mtambo ukiwa na umeme mkubwa. Migongano ilianza zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Kinachonikera ni namna sisi wataalamu tulivyozungumza na umma. Wakati wa RHIC, wanafizikia watatu waliandika kwamba uwezekano wa maafa haukuzidi 1 katika milioni 50. Walimaanisha kikomo cha juu kabisa ambacho ushahidi waliotumia uliweza kuthibitisha. Msomaji alielewa kwamba hiyo ndiyo hatari yenyewe. Na hata kama kikomo, hakitoshi: zidisha kwa watu bilioni 6 waliokuwepo wakati huo, unapata vifo 120 vya kukadiria, na hakuna daraja wala kiwanda kinachojengwa kwa ruhusa ya namna hiyo. Adrian Kent wa Cambridge aliandika mwaka 2004 kwamba vigezo hivyo vya usalama vilikuwa hafifu mno. Naungana naye. Hoja ya vibete vyeupe ilikuja miaka minne baadaye, na naamini ukosoaji wa watu kama yeye ulisaidia kutufikisha huko.

Kuna wakati ambapo umma haukuulizwa kabisa. Mwaka 1942 mwanafizikia Edward Teller aliuliza kama bomu la atomiki lingeweza kuwasha naitrojeni ya hewa yote. Mwenzake Hans Bethe akapiga hesabu, akaona haiwezekani. Bomu likalipuliwa jangwani New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Ripoti rasmi yenye hesabu kamili za suala hilo ina tarehe ya 1946.

Sasa CERN inapendekeza handaki jipya la kilometa 91, ambalo baadaye katika karne hii lingeweza kubeba migongano ya karibu elektroni-volti trilioni 100. Ile chembe ya Utah ilishapita nishati hiyo mara kadhaa, na uwanda wa matangi ya kunasia miale kule Argentina, wenye kilometa za mraba 3,000, unarekodi chembe za kiwango hicho kwa wingi. Natarajia hoja itasimama. Hata hivyo hesabu za vibete vyeupe lazima zirudiwe kwa nishati hiyo mpya, kwa kuwa mwaka 2008 zilifanywa kwa ajili ya LHC. Zaidi ya hapo, waandishi wanne kati ya watano wa ripoti ya usalama ya wakati ule walikuwa watu wa CERN. Safari hii nataka wengi wao wasiwe na mshahara wala mradi pale, na ripoti itoke kabla mkataba wa kwanza wa kuchimba haujasainiwa.